Kabla ya kushuka korongoni na kamera: Mwongozo wa safari ya Hell's Gate kwa wakazi wa Machakos

KORONGO la Ol Njorowa, lililo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na mji wa Naivasha, ni miongoni mwa sehemu zinazowavutia zaidi vijana, makundi ya makanisa na wapenda picha kutoka Machakos na kaunti nyinginezo zinazopakana na Nairobi. Kuta zake zilizochongwa na maji, chemchemi zake za maji moto na miale ya jua inayopenya kutoka juu huwafanya wageni wengi kushuka humo kamera mkononi.

Hata hivyo, korongo hilo hilo limewahi kugeuka kaburi. Mnamo Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika ziara ya kanisa walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla. Miaka saba baadaye, Jumapili ya Septemba 1, 2019, watu wengine saba walipoteza maisha yao kwa njia iyo hiyo. Watano kati yao walikuwa watalii Wakenya, mmoja alikuwa mtalii wa kigeni, na mwingine alikuwa mwelekezi wao, mwenyeji wa eneo hilo.

Mikasa hiyo miwili inafunza kwamba safari ya korongoni haipangwi kama safari ya kwenda kutazama twiga kutoka garini. Anayetaka kurudi nyumbani akiwa na picha nzuri na uhai wake hana budi kuelewa kwanza jinsi korongo linavyofanya kazi, kisha apange siku, saa na njia kulingana na ufahamu huo.

Korongo lilivyotokea

Mbuga ya Hell's Gate ilitengwa rasmi mwaka wa 1984 na ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi. Jina lake lilitokana na wavumbuzi wa Kizungu waliofika huko mwaka wa 1883, Gustav Fischer kutoka Ujerumani na Joseph Thomson kutoka Scotland. Jabali refu lisimamalo peke yake karibu na lango la Elsa, lenye kimo cha mita 25 hivi, lingali linaitwa Mnara wa Fischer. Katika masimulizi ya Wamaasai, jabali hilo ni bintiye kiongozi mmoja aliyegeuka jiwe alipotazama nyuma kwao siku ya kuolewa.

Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina zaidi kuliko lilivyo leo. Maji yake yalipojaa yalifurika upande wa kusini na kutafuta njia kati ya volkeno za Olkaria na Longonot. Ardhi hiyo ilikuwa ya majivu na mawe mepesi ya volkeno, ambayo hukatika kwa urahisi. Maji yaliikata hadi yakaacha bonde pana lenye magenge marefu pande zote mbili, na mbele yake mfereji mwembamba unaojipinda, ambao ndio korongo lenyewe.

Siku hizi ziwa halitoi maji yake kupitia huko. Lakini mfereji haukuzibika. Mvua kubwa inaponyesha katika miinuko inayozunguka mbuga, maji hufuata njia ile ile ya kale. Hili ndilo jambo ambalo mgeni anayesimama juu ya mchanga mkavu chini ya korongo husahau: anasimama ndani ya mto ambao kwa saa hiyo hauna maji.

Kwa kusema kweli, Hell's Gate si jangwa. Ni nchi kame kiasi, kwa kuwa milima ya Aberdare huzuia sehemu kubwa ya mvua. Lakini mwenendo wa maji yake ni ule ule unaopatikana katika makorongo ya jangwani. Mimea ni michache na udongo hauwezi kunywa mvua nyingi kwa mara moja, basi maji hutiririka juu juu kuelekea bondeni. Eneo pana linapomimina maji yake yote katika ufa wenye upana wa mita chache tu, kina huongezeka kwa dakika, si kwa saa.

Funzo ambalo Ukambani inalijua

Mkazi wa Machakos, Makueni au Kitui ana faida moja juu ya mgeni kutoka nchi za mbali. Amekulia kando ya mito ya mchanga. Anajua kwamba mto unaweza kuwa mkavu asubuhi, akina mama wakichimba visima vya maji katika mchanga wake, na jioni ukashuka kwa kishindo ilhali hapakunyesha hata tone mahali pale. Mvua imenyesha milimani, maji yakaja baadaye.

Nguvu ya maji hayo si jambo la kudhaniwa. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa lilipojaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ikiwa maji hayo yaliweza kuondoa basi barabarani, mtu anayetembea kwa miguu hana uwezo wa kuyapinga. Kila mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na maji yaendayo kasi yakifika kimo cha goti yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ndani ya korongo maji hayo hubeba pia mawe, matope na magogo.

Nchi nyingine zimelipia funzo hili. Huko Arizona, Marekani, watalii 11 walifariki Agosti 12, 1997 katika korongo la Antelope, mojawapo ya makorongo yanayopigwa picha zaidi duniani. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka mahali walipokuwa. Mnamo Septemba 2015, watu saba waliokuwa wakishuka korongo jembamba la Keyhole katika mbuga ya Zion, jimboni Utah, walifariki kwa mafuriko kama hayo. Mjini Petra nchini Jordan, zaidi ya watalii 20 walisombwa mwaka wa 1963 katika ufa unaoingia mji huo wa kale, na baadaye ukajengwa ukuta wa kuyageuza maji. Katika mbuga ya Zion, wageni hupewa kila siku makadirio ya hatari ya mafuriko kabla ya kuingia korongoni.

Kuchagua msimu na saa

Mvua za masika katika eneo la Naivasha hunyesha kati ya Machi na Mei, na zile za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kwa sababu hiyo, miezi ya Januari, Februari, na ile ya Juni hadi Septemba ndiyo inayopendekezwa kwa matembezi. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Mkasa wa 2019 ulitokea mwanzoni mwa Septemba, mwezi ambao wengi huuhesabu kuwa wa kiangazi.

Kwa hivyo, kiongozi wa kundi anapaswa kufuatilia utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga kwa siku kadhaa kabla ya safari, na hasa utabiri wa eneo zima la Naivasha na miinuko yake, si wa mjini peke yake. Asubuhi ya kushuka, na awaulize maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) maswali matatu langoni: Je, korongo limefunguliwa leo? Ni sehemu gani zinazoruhusiwa? Je, mvua imenyesha huko juu jana au usiku? Baada ya mkasa wa 2019 KWS ililifunga korongo hilo, na uamuzi wa kulifunga unaweza kutolewa wakati wowote hali inapokuwa ya hatari. Si busara kusafiri ukiwa na hakika kwamba utaingia.

Saa nayo ina uzito wake. Katika Bonde la Ufa, mvua nyingi hunyesha alasiri, baada ya jua kuichemsha ardhi na mawingu kujikusanya. Kundi linaloshuka saa tatu asubuhi na kutoka kabla ya saa saba mchana huwa limekwepa sehemu kubwa ya hatari. Kundi linalofika Naivasha saa sita, likala chakula, kisha likashuka saa nane, limechagua saa mbaya zaidi ya siku.

Siku moja haitoshi

Kutoka mjini Machakos hadi Nairobi ni kilomita 60 na ushei, na kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kilomita 90 hivi. Msafiri hupitia makutano ya Kyumvi, akafuata barabara kuu ya Mombasa hadi jijini, kisha akachagua kati ya barabara ya juu kupitia Limuru na ile ya chini inayoteremka hadi Mai Mahiu. Msongamano wa magari Nairobi unaweza kuongeza saa nzima au zaidi. Wakati wa mvua, njia ya Mai Mahiu yenyewe inahitaji uangalifu; ni eneo ambalo makumi ya watu walifariki usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalipoporomoka kutoka milimani na kufagia nyumba.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini safari ya kwenda na kurudi siku moja huwaponza wengi. Anayeondoka Machakos saa kumi na mbili asubuhi akiwa na gari la kukodi lililojaa watu hufika langoni mchana. Mwangaza mzuri wa asubuhi umeshapita, na saa salama za korongoni zinayoyoma. Kutoka lango la Elsa hadi mwanzo wa korongo kuna kilomita kama nane zaidi, ambazo wengi huzipita kwa baiskeli za kukodi au kwa miguu.

Mpango ulio bora ni wa siku mbili. Siku ya kwanza kundi hufika alasiri, likapiga picha za magenge na wanyama bondeni wakati jua linaposhuka, kisha likalala Naivasha au katika mojawapo ya kambi za mbugani kama vile Ol Dubai na Naiberta. Siku ya pili huanza alfajiri bondeni, ikaendelea korongoni asubuhi, na kumalizika kwa safari ya kurudi nyumbani mchana.

Ni muhimu pia kuwa na mpango wa pili. Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, uko karibu na una mbuga yake. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkeno ni kupanda kwa kilomita tatu hivi, na kuuzunguka ukingo huo ni kilomita zipatazo saba. Kundi ambalo tayari limekubaliana kwamba korongo likifungwa litapanda Longonot, au litabaki katika bonde la juu la Hell's Gate, huweza kugeuza safari bila manung'uniko. Kundi lisilo na mpango wa pili hushawishika kushuka kwa sababu tu kila mtu amekwisha kutoa mchango wake.

Mazoezi ya nyumbani

Machakos ina viwanja vya mazoezi ambavyo miji mingi haina. Milima ya Iveti na kilima cha Kiima Kimwe vipo karibu na mji. Anayekusudia kutembea saa tano au sita korongoni na ajaribu viatu vyake huko kwa majuma kadhaa, akiwa amebeba begi lenye uzito ule ule atakaoubeba safarini.

Kwa zoezi kubwa zaidi kuna Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, mbuga ya kitaifa iliyo ndani ya kaunti yenyewe tangu 1967. Kilele chake kina kimo cha mita 2,145, na barabara ya kukifikia ni kilomita tisa hivi. Kwa kuwa nyati ni wengi mlimani, wapandaji husindikizwa na askari wa KWS. Karibu na mlima huo ndipo unapoanza uwanda wa Yatta, mtiririko wa lava iliyoganda unaonyooka takriban kilomita 300 hadi Tsavo. Mpenda picha anayejifunza kuionyesha sura ya nchi anaweza kuanza na mandhari hayo bila gharama kubwa.

Mwangaza na kamera

Kwa kuwa Naivasha iko karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama yapata saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hupanda haraka. Mwangaza laini wa dhahabu unaoonyesha rangi na mikunjo ya magenge hudumu chini ya saa moja asubuhi, na muda kama huo jioni. Mpiga picha anayefika bondeni saa tatu huwa tayari ameukosa.

Ndani ya korongo mambo ni kinyume. Asubuhi na mapema kuta hutupa giza, na picha hutoka nyeusi. Jua linapopanda, miale hugonga ukuta mmoja na kurudi kwenye ukuta wa pili kwa rangi ya joto. Saa nne hadi saa sita ndizo zenye mwangaza huo, na kwa bahati njema zinaingia ndani ya muda ulio salama. Tatizo ni tofauti kubwa kati ya sehemu zenye jua na zenye kivuli. Ni afadhali kupima mwangaza kwa sehemu angavu za ukuta, na kuliacha anga nje ya picha, kuliko kujaribu kuonyesha kila kitu. Wenye simu wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kugusa sehemu angavu kwenye kioo kabla ya kupiga.

Vumbi la majivu ni adui wa lenzi, basi ni vyema kutobadilisha lenzi katikati ya upepo. Karibu na chemchemi, mvuke hufunika kioo cha lenzi kwa ukungu, na maji yenyewe yanaweza kuunguza ngozi. Stendi ya kamera yenye miguu mitatu husaidia kwenye kivuli, lakini mzigo mzito humchelewesha mtu anayelazimika kupanda kwa haraka. Kamera moja, lenzi moja ya kuonyesha eneo pana, betri ya akiba na kitambaa cha kufutia vinawatosha wengi.

Kuna pia sheria za kuzingatiwa. Droni hairushwi mbugani bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) pamoja na KWS. Wakazi na waelekezi hawapaswi kupigwa picha kabla ya kuombwa ridhaa yao. Kuandika majina kwenye kuta za korongo ni uharibifu usiofutika upesi, kwa kuwa mwamba huo ni mwororo.

Mizigo na nidhamu ya kundi

Tangu Juni 5, 2020, plastiki zinazotumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa. Kwa hivyo katoni za chupa za maji zinazonunuliwa njiani hazifai. Kila msafiri abebe maji yake, walau lita tatu kwa siku, katika chupa za kudumu. Kofia, viatu visivyoteleza, sweta kwa ajili ya baridi ya usiku, kipenga na sanduku la huduma ya kwanza ni vya lazima. Chakula kifungwe vizuri, kwani nyani wa eneo hilo ni hodari wa kupokonya. Ada za mbuga hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen wala si kwa pesa taslimu, na kwa kuwa viwango hubadilishwa mara kwa mara, ni vyema kuvithibitisha kabla ya kukusanya michango.

Kundi linaloshuka lisiwe kubwa kiasi cha kushindwa kuhesabiwa kwa mtazamo mmoja. Watu 40 wagawanywe katika makundi madogo, kila moja likiwa na mwelekezi wake. Kabla ya hatua ya kwanza, mwelekezi aombwe aonyeshe njia za kutokea na aeleze ziko umbali gani kutoka sehemu nyembamba. Mtu mmoja abaki juu akilitazama anga la upande ambako maji hutokea, ingawa hilo lisichukuliwe kuwa kinga kamili, kwa kuwa simu inaweza kukosa mtandao kule chini.

Dalili za hatari zapaswa kujulikana na kila mmoja, si kiongozi peke yake. Dalili hizo ni mngurumo kutoka upande wa juu, maji yaliyokuwa meupe kugeuka kahawia, majani na vijiti kuanza kuelea, upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo, au radi ya mbali. Ikionekana hata moja, mtu asikimbie kufuata mkondo kuelekea chini, kwa maana maji yatampita. Na apande mahali pa juu palipo karibu mara moja, aache begi na kamera ikibidi, asirudi kuvichukua hadi aambiwe ni salama.

Wale watakaoizoea nidhamu hii wataona milango mingine ikifunguka. Huko Marafa, kaskazini mwa Malindi, kuna bonde la udongo wa rangi nyingi ambalo Wagiriama huliita Nyari, na ambalo hupendeza mno jua linapozama. Kaskazini zaidi, kando ya Ziwa Turkana, kuna mbuga ya Sibiloi, nchi ya jangwa na visukuku vya kale, ambako msaada uko mbali na maandalizi hayana budi kuwa mara dufu. Kote huko swali la kwanza ni moja kabla ya kushuka mahali palipochongwa na maji: maji hayo yatapitia wapi yakirudi leo?